Hati ndani ya Mfuko wa Maandazi

Bibi, jirani yangu hapa Kikwajuni, Unguja, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne, kaitia ndani ya mfuko wa maandazi. "Mwanangu, wewe si umesoma mpaka umemaliza? Hebu nisomee." Ilikuwa hati ya nyumba ya babu yake, Vikokotoni. Lugha Kiswahili, herufi za Kiarabu. Upande wa magharibi, ilisema, mpaka ni pwani. Wajukuu zake wakacheka: Vikokotoni na pwani wapi na wapi?

Mimi sikucheka. Kati ya Mji Mkongwe na huku kwetu palikuwa na mkono wa bahari. Ndiyo maana tukaitwa Ng'ambo, na Darajani pakaitwa Darajani. Ulifukiwa zama za Waingereza. Hayo yamo katika tasnifu yangu ya uzamivu, niliyoandika juu ya mgomo wa 1928, watu wa Ng'ambo walipokataa kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, ardhi ya wengine. Basi nikamwambia Bibi: hii ni hati ya nyumba, si ya kiwanja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali. Alichoambulia ni majina ya majirani watatu wa babu yake. Akayarudia kwa sauti, moja moja, kisha akataka nimwandikie.

Siku hizi ndiyo kazi yangu: kusoma hati za watu, kutafsiri, na kuwatembeza wageni Ng'ambo. UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watembezaji wengi huishia Darajani kama vile daraja limevunjika.

Nilipomaliza masomo nilitaka uhadhiri tu. Nikaandika barua, nikasubiri miaka miwili, nikiona haya kukaa barazani mchana. Kilichoniinua ni kumfikiria Profesa Abdul Sheriff: alipata uzamivu London, akafundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miaka ya 1990 akawa Unguja akisimamia makumbusho. Vitabu hakuacha kuandika. Najua, yeye alikwishakuwa profesa, mimi nilikuwa na deni la duka. Hata hivyo nikaona kumbe historia ina milango mingine.

Kusoma hati nilikujua. Kutaja bei ndiko kulikonitoa jasho. Mteja wangu wa kwanza aliuliza swali moja, nikamletea kurasa kumi na nane zenye tanbihi. Akaniuliza kwa upole, "Sasa jibu liko wapi?" Tangu hapo jibu huja mwanzo, na bei kabla ya jibu.

Bibi hatoi pesa, huleta maandazi. Jana kaja na hati nyingine, ya shamba la Bumbwini. Nimempa jalada la plastiki aitie humo, maana ile ya kwanza mafuta yameshafika kwenye sahihi ya kadhi.