Asili na Tahajia ya Jina la Mahali: Mfano Mmoja wa Ayalandi

Ardhi ya Ayalandi imegawanywa tangu zamani katika vipande vidogo ambavyo kwa Kiairishi huitwa baile fearainn. Idadi yake yapita 60,000. Makala haya yanachunguza jina la kipande kimoja tu, kilichoko Connemara katika kaunti ya Galway, ambalo kwa tahajia ya Kiingereza huandikwa Muckanaghederdauhaulia.

Asiyejua Kiairishi huona hapa herufi 22 zisizo na maana. Kumbe jina hili ni kirai kamili: Muiceanach idir Dhá Sháile. Neno muiceanach latokana na muc, yaani nguruwe. Idir ni 'kati ya'. Dhá ni 'mbili'. Na sáile ni maji ya chumvi, hapa likimaanisha hori la bahari. Kwa hiyo jina laweza kufasiriwa 'mahali pa nguruwe kati ya hori mbili'.

Utata mkubwa umo katika sehemu ya -haulia. Mtafiti akilitafuta kamusini neno hilo chini ya h, hatalipata. Dhá hulegeza konsonanti ya kwanza ya nomino inayoifuata. S iliyolegezwa huandikwa sh na kutamkwa h. Mwandishi wa tahajia ya Kiingereza alifuata sikio, na mzizi ukafichika. Ndivyo atakavyopotea mgeni wa Kiswahili atafutaye ndimi chini ya n, asijue kwamba umoja wake ni ulimi.

Tahajia za aina hii zilisanifishwa wakati wa upimaji wa ramani wa miaka ya 1824 hadi 1846. John O'Donovan, aliyejiunga na kazi hiyo mwaka 1830, alilinganisha maendelezo ya hati za kale na matamshi ya wenyeji. Ulinganishi huo ni wa lazima: Kil- ya ramani yaweza kuwa cill, 'kanisa', au coill, 'msitu'. Hata hivyo, umbo la Kiairishi lilibaki daftarini, na la Kiingereza likachapwa ramanini. Ni kwa amri ya serikali ya 2004, iliyoanza kutumika 2005, ndipo maumbo ya Kiingereza yalipoondolewa hadhi ya kisheria katika maeneo ya Gaeltacht, ambako Kiairishi ndicho lugha ya jadi.

Ni dhahiri, basi, kwamba tahajia ya ramani pekee haitoshi kuwa ushahidi wa asili ya jina. Sharti matamshi, hati za kale na sura ya ardhi yenyewe vishuhudie pamoja.