Unakula Wapi Ukiwa Kasulu au Kibondo? Namna ya Kuupata Mgahawa wa Halali



Wapo watoto wetu wa Unguja, Pemba na Mafia walioko Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kwa ajili ya ualimu, uuguzi, biashara au kuwahudumia wakimbizi. Wakipiga simu nyumbani, wazazi huwauliza: huko mnakula wapi?

Swali hili lina uzito wake. Huku visiwani mtu huingia mgahawa wa mtaani akaagiza supu na chapati bila ya kuuliza chochote, kwa kuwa aghlabu mchinjaji, mpishi na mlaji wote ni Waislamu. Ujiji, kule chini ziwani, nako ni mji wa Waislamu tangu zamani. Lakini ukipanda milima ya Buha utakuta Waislamu wanaishi miongoni mwa majirani wengi Wakristo, na nguruwe anafugwa na kuliwa. Hapo anayetaka mgahawa mzuri hana budi kujua la kuuliza. Tunayaeleza hapa kwa ufupi.

Kwanza: nyama imechinjwa na nani?

Ada iliyozoeleka Tanzania ni kwamba nyama ya kuuzwa huchinjwa na Muislamu. Ada hii inasaidia, ila si dhamana ya kila bucha na kila banda la supu. Kuku hasa huchinjwa nyuma ya jiko na yeyote aliyepo.

Suratul Maaida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha Ahlul Kitaab. Hata hivyo wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shaafi'i wameweka masharti juu ya nani anahesabiwa kuwa katika wao, na mchinjo wenyewe lazima uwe wa kisheria. Kwa hiyo njia nyepesi kwa msafiri ni kutafuta nyama iliyochinjwa na Muislamu.

Ukishajua kwamba muuzaji ni Muislamu, usichimbue zaidi. Katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyopokewa na Bukhari, watu walimueleza Mtume (S.A.W.) kuwa wanaletewa nyama na watu waliosilimu karibuni, na hawajui kama wameitajia jina la Allah. Akawaelekeza wao wenyewe wataje jina la Allah kisha wale. Tunajifunza kuwa dhana njema kwa Muislamu ndiyo asili, na wasiwasi si uchamungu.

Pili: kikaango, kisu na mafuta

Hapa ndipo wengi wanapoghafilika. Mtu husema, "Mimi nimekula chipsi mayai tu." Lakini kama mafuta yale yamekaangiwa kitimoto, au kisu na ubao vimekatia nyama ya nguruwe, tatizo limebaki pale pale. Kwa madhehebu ya Shaafi'i, najisi ya nguruwe ni nzito. Chombo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Na Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vyombo vya watu waliokuwa wakipikia nguruwe, alielekezwa kutafuta vingine, na akikosa, avioshe ndipo avitumie.

Basi swali lako la kwanza kwenye kibanda cha chipsi au jiko la mishikaki liwe: hapa mnapika kitimoto? Ujue pia kwamba bara nguruwe ana majina ya mzaha. Ukisikia "mbuzi katoliki", huyo si mbuzi.

Tatu: meza ya pombe

Sehemu nyingi za nyama choma ni baa. Imekuja katika hadithi makatazo ya kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, hata kama wewe hunywi. Ukiwa na watoto, jambo hili lina uzito zaidi.

Uanzie wapi?

Anzia msikitini. Sali Adhuhuri kwa jamaa, kisha muulize imamu au wazee: kwa hapa, tunakula wapi? Watakuonyesha mgahawa, bucha, na mama lishe anayeaminika. Neno la mwenyeji anayekula hapo kila siku lina thamani kuliko kibao chenye maandishi ya "halali", kwani kibao huandikwa na yeyote.

Mkiwa njiani na basi limesimama kwa dakika chache, msikiti haupo karibu na hakuna wa kumuuliza. Hapo shika chakula kisicho na shaka: mayai ya kuchemsha, ndizi, mahindi ya kuchoma, karanga. Mkate wa boflo nao asili yake ni halali.

Na mjini, siku usiyopata nyama ya uhakika, hutalala njaa. Kigoma ni mkoa wa ziwa. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika hupanda hadi masoko ya huku, na samaki hahitaji kuchinjwa. Yapo maharage, na upo ugali wa muhogo. Maharage yaliyoungwa kwa mawese, pamoja na chapati ya moto, ni kifungua kinywa kizuri kwenye baridi ya asubuhi. Muhimu ni sufuria na mafuta yawe safi.

Uulize vipi?

Uliza kwa adabu, na kwa sauti ya chini. Suala la kuchinja limewahi kuleta maafa nchini. Mwaka 2013 ugomvi wake huko Buseresere, mkoani Geita, ulimwaga damu. Tusiwe sababu ya fitina kwa ajili ya sahani ya nyama. Msalimie mwenye mgahawa, mwambie, "Samahani mama, mimi ni Muislamu, nyama hii amechinja nani?" Wengi watakujibu kwa ukweli, na wengine wenyewe watakuelekeza kwa jirani Muislamu. Ukijibiwa lisilokuridhisha, shukuru na uondoke. Usikunje uso, wala usiseme chakula cha watu ni uchafu.

Vivyo hivyo ukialikwa na mwalimu mwenzako au jirani Mkristo. Usikatae mwaliko kwa ukali. Mwambie mapema unachokula. Mwenyeji akijua, atakupikia samaki au mayai kwa sufuria safi, na ujirani utazidi.

Halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yao mna ya kutatiza. Anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake. Wazazi, wafundisheni watoto maswali haya kabla hawajapanda boti.

Wallaahu a'alam.