Pedali Moja kwa Viatu vya Namna Mbili



Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kuja katika Afrika. Vijana wetu waliyatazama kwa hamu, wengi katika simu zao, nao wakaona jambo lililowashangaza: miguu ya wale washindani ilikuwa kama imeshonwa kwenye pedali. Juu ya mlima, katika mteremko, hata wakisimama juu ya baisikeli, mguu hautoki.

Kijana mmoja tumjuaye hakutosheka na kutazama. Alikusanya feza kidogo kidogo, akanunua viatu vya mashindano na pedali zake, akazifunga kwenye baisikeli ya baba yake. Walakini baisikeli ya baba ni ya nyumba nzima. Kesho yake asubuhi baba akapanda kwenda kazini amevaa viatu vyake vya mpira vya kila siku. Hakukuta pedali, alikuta kidonge cha chuma chenye utelezi. Mguu ukateleza, chuma kikamkwaruza muundi hata damu ikatoka. «Mwanangu, umeitia nini kinga yangu?» Juma lile lile kijana naye akaanguka. Alifika penye njia panda, lori likasimama mbele yake ghafula, naye akasahau namna ya kuutoa mguu. Akalala ubavu katikati ya barabara, baisikeli juu yake. Kwa neema ya Mungu hapakuwa na gari nyuma.

Baba alitaka pedali zile zitupwe. Mtoto alisema zimekula akiba yake yote. Walipotuletea shauri lao tuliona kwamba kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake. Kosa lilikuwa katika kuchagua.

Kwanza tueleze mambo yenyewe. Zamani mshindani alitia ncha ya kiatu ndani ya kichuma kilichopindwa mbele ya pedali, kisha akakaza ukanda juu ya mguu. Akitaka kusimama ilimpasa kuinama na kuulegeza ukanda kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vyuma vya kufungia viatu kwenye mbao za kutelezea juu ya theluji, ikaleta akili ile ile kwenye baisikeli: kishikizo kinafungwa chini ya soli, nacho kinanaswa na pedali yenye springi. Ukizungusha kisigino kuelekea nje, mguu unatoka. Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda Tour de France kwa pedali za namna hiyo, na washindani wengine wakafuata.

Kishikizo hicho cha barabarani ni kipana, kinafungwa kwa skrubu tatu, nacho kinajitokeza chini ya soli. Kwa kukimbia ni kizuri. Kwa kutembea ni taabu tupu. Mtu aliyevaa viatu hivyo hutembea kama bata, tena juu ya sakafu laini huweza kuanguka. Tusiseme habari ya yule aliyekuja navyo Misani akachelewa, akapita katikati ya kanisa ko! ko! ko! mpaka padri akanyamaza kumngoja akae.

Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Ujapani ilitoa namna nyingine, iitwayo SPD, kwa ajili ya wale wapandao milima, ambao mara kwa mara hushuka na kusukuma. Kishikizo chake ni kidogo, cha chuma, chafungwa kwa skrubu mbili tu, nacho kimezama katika shimo la soli, hata mpira wa soli wagusa ardhi kabla yake. Kwa viatu hivyo mtu aweza kutembea mpaka sokoni. Hii ndiyo namna tunayoisifu kwa watu wa kwetu, maana njia zetu huwalazimisha wote kushuka, hata mabingwa.

Lakini pedali ya SPD iliyo tupu, yaani kishikio peke yake, haimfai mwenye viatu vya kawaida. Ndiyo iliyomwumiza yule baba. Soli laini yakandamizwa mahali padogo, unyayo wauma, na mvua ikinyesha mguu hauna pa kushika. Dawa yake ni pedali yenye nyuso mbili: upande mmoja una kishikio, upande wa pili ni bapa na mpana kama pedali ya siku zote, mara nyingine wenye vijino vidogo vya kuzuia utelezi. Mtoto akipanda Jumamosi pamoja na wenzake, ageuze upande wa kishikio. Baba akienda kazini Jumatatu, akanyage upande bapa. Hakuna haja ya kufungua kitu.

Ina kasoro moja, nasi hatutaificha. Wakati wa kuondoka lazima utafute upande wako kwa ncha ya kiatu, na gizani jambo hilo laudhi. Kuna pedali nyingine zenye kishikio pande zote mbili na fremu pana kuzizunguka. Hizo hazihitaji kugeuzwa, bali kwa viatu vya kawaida kishikio chaweza kusukuma soli katikati. Sisi, kwa baisikeli inayotumiwa na watu wengi wa nyumba moja, twachagua ile ya nyuso mbili bila kusita.

Wako pia wasiohitaji kishikio kamwe. Dereva wa toleka huko Kisangani, asimamaye kila mara kumpakia na kumshusha mtu, atafanya nini na mguu uliofungwa? Au yule aingiaye Lubumbashi na magunia ya makala, ambaye karibu njia yote anasukuma? Hao wanunue pedali bapa zilizo imara, zenye gololi nzima na grisi ya kutosha.

Anayenunua zenye kishikio atazame skrubu ndogo iliyo kwenye springi. Hiyo yapunguza au kuongeza nguvu ya kushika. Mwanzoni ailegeze sana. Vishikizo vyenyewe ni vya namna mbili: kimoja chatoka kwa kuzungusha kisigino tu, kingine chaweza kutoka pia kwa kuvuta mguu juu kwa nguvu. Hiki cha pili ndicho cha mwanafunzi. Kama kijana wetu angekuwa nacho pale njia panda, labda woga wenyewe ungalimtoa. Kishikizo kifungwe chini ya sehemu pana ya mguu, nyuma ya vidole, na kiatu kielekee kama mguu wako unavyoelekea utembeapo. Kikifungwa upande, goti litalipa. Na kabla ya kuingia barabarani, mtu aegemee ukuta, aingize mguu na kuutoa mara nyingi, wa kushoto na wa kuume, kisha ajaribu penye majani.

Neno la mwisho ni kwa fundi. Pedali nyingi zina uzi wa inchi 9/16, bali baisikeli za kale za Kifaransa zina uzi wa milimita 14, nazo hazikubaliani. Wachache hulazimisha kwa ufunguo na kuharibu mkono wa pedali. Basi uende dukani na pedali yako ya zamani mkononi. Tena pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume: yakazwa kwa kuzungusha kinyume cha mishale ya saa. Kwa kawaida herufi L, ya kushoto, na R, ya kuume, zimeandikwa kwenye ekseli. Paka grisi, anza kwa vidole bila ufunguo, na ikikataa tangu mzunguko wa kwanza, itoe na kuanza upya.

Baba na mwana walibadilishana pedali zile na mwenye duka, wakaongeza feza kidogo. Baba ndiye aliyetoa nyongeza.