Nishati Jadidifu kwa Mkulima wa Mandawa: Ipi Inafaa, Ipi Inahitaji Tahadhari

Nishati jadidifu hutokana na vyanzo visivyokwisha, kama vile jua, upepo, maji na mabaki ya mimea na mifugo. Kwa wananchi wa Mandawa wanaotegemea korosho, ufuta na mbaazi, swali la msingi ni moja: je, nishati hiyo inamsaidia mkulima bila kumpunguzia shamba?

Mbono kaburi
Somo lipo kwa majirani zetu. Katika miaka ya 2000, mbono ulisifiwa kuwa zao la mafuta ya mitambo linalostawi hata penye ukame. Wilayani Kilwa, kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilipanga kulima mbono kwenye takribani hekta 34,000 za vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilifilisika. Mbono huvumilia ukame, lakini penye udongo hafifu na maji haba huzaa mbegu chache. Mashudu yake yana sumu, hivyo hayafai kulishwa mifugo. Kama ua la shamba, mbono bado una manufaa. Kama mbadala wa shamba la chakula, ni hatari.

Biogesi
Kaya yenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofugwa zizini inaweza kupata gesi ya kupikia, na tope linalobaki ni mbolea. Hata hivyo, samadi huchanganywa na maji kila siku, kwa kiasi kinacholingana. Kaya iliyo mbali na maji itafakari kwanza.

Sola
Pampu ya sola hufaa bustani za mboga, kwa kuwa jua la kiangazi linalokausha mimea ndilo linaloiendesha. Gharama kubwa ni ya mwanzo; baada ya hapo hakuna dizeli ya kununua.

Maganda ya korosho
Huwaka vizuri, lakini mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake ni mkali. Yasitumike katika jiko la nyumbani.

Kabla ya kutoa ardhi
Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Aidha, ardhi ya kijiji ikishahawilishwa kuwa ardhi ya jumla, hairejei kijijini yenyewe mradi unapokufa. Hivyo, mwananchi, hudhuria mkutano na uulize: nani atanunua mavuno, kwa mkataba gani, na mradi ukikoma ardhi itakuwa ya nani?