Konokono wa Bwawani na Konokono wa Mawe

Katika mashamba ya Kitale, na vilevile katika vijito viteremkavyo kutoka Mlima Elgon kupita Kimilili na Malakisi hadi nchi ya Bungoma, ni vigumu kumpata mnyama adharauliwaye kuliko konokono. Mtoto humkanyaga, bata humla, na mwenye shamba hampi hata jina. Kwake wote ni konokono tu. Lakini ng'ombe akianza kukonda ilhali malisho yapo, manyoya yake yakasimama, na uvimbe ukatokea chini ya taya, hapo yafaa mwenye shamba ajiulize maswali mawili: ng'ombe hunywa maji wapi, na katika maji hayo mna konokono wa namna gani?

Swali hilo si gumu kama lionekanavyo. Mtu akipata gamba tupu kando ya bwawa, na alishike huku ncha yake ikielekea juu na mdomo wake ukimtazama yeye, atajifunza mengi kwa kitambo kidogo. Mdomo ukiwa upande wa kulia, na gamba likiwa jembamba lenye mdomo mpana kama sikio, yaelekea kuwa ni yule ambaye wataalamu humwita Radix natalensis. Huyu ndiye abebaye mnyoo bapa wa maini uitwao Fasciola gigantica. Vijidudu vya mnyoo huo humtoka konokono, hujishikiza katika majani ya ukingoni na kujifunika ganda dogo, na hapo humngoja ng'ombe ajaye kula. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, huyo ni wa jamii ya Bulinus, ambayo baadhi ya aina zake hubeba kichocho cha mkojo. Na gamba likiwa halina ncha kabisa, bali limejizungusha bapa kama ngata ya kubebea mtungi, huyo ni Biomphalaria, abebaye kichocho cha matumbo, ugonjwa ulioenea sana kandokando ya Ziwa Victoria.

Tofauti hizo si mambo ya kupamba vitabu. Dawa ya prazikwanteli, ambayo huua minyoo ya kichocho, haiuwezi mnyoo wa maini. Huo una dawa yake mbali. Tena asiyejua ni konokono gani aliye bwawani mwake hawezi kujua kama yampasa kuwaonya watoto wanaooga, au kuuzungushia ua ukingo ili ng'ombe wasifike penye majani mabichi. Na ifahamike kwamba anayetafuta konokono hai hatii mkono mtupu majini. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, wala mtu haoni kitu. Gamba tupu lililo pakavu latosha kwa kujifunzia.

Ilichukua muda mrefu watu kuyafahamu haya. Daktari Theodor Bilharz, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi mjini Cairo, aliuona mnyoo wa kichocho mwaka 1851, lakini jinsi ulivyoingia mwilini hakuna aliyejua. Wengine walidhani huingia kwa maji ya kunywa tu. Ni mwaka 1915 ndipo Robert Leiper alipoonyesha, huko huko Misri, kwamba mnyoo huo hauna budi kupitia mwilini mwa konokono. Tena alionyesha kwamba minyoo iko ya namna mbili, na kila mmoja una konokono wake.

Baada ya hapo kila msafiri akawa anaokota konokono wa Afrika na kumpa jina. Majina yakazidi wanyama. Sababu yake ni kwamba gamba la konokono wa majini hufuata hali ya maji. Aliyekulia katika kijito chepesi huweza kutofautiana na ndugu yake wa bwawa lililotulia, kama vile mahindi ya shamba lenye mbolea yasivyofanana na ya shamba lililochoka, ingawa mbegu ni moja. Georg Mandahl-Barth wa Denmark aliwapanga upya Biomphalaria na Bulinus wa Afrika katika maandiko yake ya miaka ya 1957 na 1958 yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, na majina mengi yasiyo na msingi yakaunganishwa.

Hata hivyo palibaki fumbo moja, nalo ndilo lenye kupendeza kuliko yote. Katika jamii ya Bulinus wamo wawili, Bulinus tropicus na Bulinus truncatus, wanaofanana kama mapacha. Wa kwanza ni mkazi wa kawaida wa mabwawa ya nyanda za juu za Kenya. Hubeba mnyoo wa tumbo la ng'ombe, lakini kwa kawaida habebi kichocho cha binadamu. Wa pili hukibeba. Mtaalamu mwenye kioo cha kukuzia na rula nzuri aweza kuyatazama magamba yao siku nzima na asipate neno la hakika. Kuanzia miaka ya 1960 ndipo walipoanza kupambanuliwa kwa kuhesabu kromosomu, zile nyuzi ndogo zilizomo ndani ya chembe za mwili ambazo hubeba urithi. Tropicus anazo 36, truncatus anazo 72. Siku hizi urithi huo wenyewe husomwa katika maabara, na majibu yake ni bora kuliko ya gamba.

Ikiwa konokono aliye hai huweza kuwadanganya mabingwa namna hiyo, itakuwaje kwa yule aliyekufa miaka milioni 20 iliyopita, ambaye hana nyama, hana damu, wala kromosomu, ila jiwe tu lenye umbo lake?

Konokono wa mawe wako kusini ya Bungoma, huko Koru na Songhor, na katika kisiwa cha Rusinga. Zama hizo Tinderet na Kisingiri ilikuwa milima ya moto. Majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi, na chokaa ndiyo iliyowahifadhi konokono, maana gamba lenyewe ni chokaa. Katika udongo mchachu huyeyuka na kutoweka kabisa. Aliyewapambanua kwa bidii kubwa ni Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye kwa kazi yake alikuwa bingwa wa mimea katika nyumba ya kuhifadhi mimea ya Afrika ya Mashariki mjini Nairobi hadi mwaka 1964. Kazi yake juu ya konokono wa kale wa Rusinga na mahali pengine pa Kenya ilitoka mwaka 1963. Si ajabu kwamba mtu wa mimea ndiye aliyeifanya. Aliyezoea kutofautisha majani elfu mbili yanayofanana hachoki upesi mbele ya magamba.

Njia yake ilikuwa kuwaweka wafu karibu na walio hai. Miongoni mwa waliogeuka mawe alikuwamo mmoja aliyemwita Maizania lugubrioides. Jamii ya Maizania ingali hai katika misitu ya magharibi ya Kenya, ukiwamo msitu wa Kakamega, jirani na Bungoma. Ni konokono mwenye mlango: akijikunja ndani hujifungia kwa kifuniko cha mviringo. Wengine wadogo sana, wa jamii ya Gulella, wana vijino mdomoni mwa gamba, na mpango wa vijino hivyo humsaidia mtaalamu kupambanua aina moja na nyingine, kwa aliye hai na kwa aliyegeuka jiwe.

Na faida yake? Koru ndiko Daktari H. L. Gordon alikopata, katika miaka ya 1926 na 1927, mifupa ya nyani wa kale ambaye Arthur Hopwood alimpa jina la Proconsul mwaka 1933. Ikaulizwa kama nyani wale waliishi msituni au mbugani. Mfupa waweza kuburutwa na fisi au kuchukuliwa na mafuriko, lakini konokono wa nchi kavu hasafiri mbali. Anapokufa ndipo alipoishi. Penye Maizania wengi palikuwa na kivuli na majani yaliyooza yenye unyevu. Shahidi huyo mdogo ametumika sana kueleza misitu ya zama zile.

Watu wa Kitale huuliza kama Elgon nayo ina mabaki ya namna hiyo. Mlima huo ni wa moto wa kale, na ndani ya pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, miti iliyogeuka jiwe yaonekana katika kuta. Lakini mtu akiokota huko kijiwe chenye mistari na kudhani ni kitoni, yule mnyama wa mabamba manane agandaye juu ya miamba ya Mombasa, basi afahamu kwamba kitoni wote ni wa baharini. Hakuna hata mmoja wa maji baridi wala wa nchi kavu. Huyo naye ana taabu yake ya kutambuliwa, kwani akifa mabamba yake huachana, na mara nyingi mtaalamu hupata bamba moja lililogeuka jiwe na kutakiwa aseme lilikuwa la nani.

Mjini Kitale kwenyewe Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake mwaka 1926, akikusanya vipepeo, ndege na vitu vingi vinginevyo. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia Kenya hazina hiyo, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Katika nyumba kama hizo kitu kilicho bora ni kile kipande cha karatasi kilichofungwa pamoja na mnyama, kielezacho mahali alipookotwa, tarehe, na jina la mwokotaji. Gamba zuri lisilo na karatasi halimfai mtaalamu. Gamba lililovunjika nusu, lakini limeandikwa kwamba lilitoka katika kijito fulani, chini ya daraja fulani, siku fulani, lina thamani hata baada ya miaka mia.

Kwa hiyo mwenye kuokota konokono wa leo na aandike kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika kwa maji. Na anayeona umbo la mnyama ndani ya jiwe asilibomoe wala kulichukua. Sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho ya Taifa na Turathi yamtaka atoe habari, kwani mtaalamu atahitaji kuuona ule mwamba wenyewe, na kilichokuwa juu ya jiwe lile, na kilichokuwa chini yake.