Upasuaji wa Tumbo kwa Mtoto Mwenye Kasoro ya Moyo ya Kuzaliwa

Takribani mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Naye, kama watoto wengine, aweza kupata ngiri, kidole tumbo au utumbo kujisokota. Mara nyingi familia hueleza maumivu ya tumbo kwa kirefu, moyo ukasahauliwa, hasa pale mtoto anapoonekana mzima. Usahaulifu huo ni wa gharama kubwa, kwa kuwa hatari kuu mara nyingi haimo katika kisu.

Imo kwanza katika dawa za usingizi. Nyingi kati ya dawa hizo hushusha shinikizo la damu. Kwa mtoto ambaye damu safi na chafu huchanganyika moyoni, badiliko hilo laweza kupunguza damu inayokwenda mapafuni, na midomo ikawa ya bluu ghafla. Upasuaji wa matundu madogo nao huhitaji tumbo lijazwe hewa ya ukaa, na msukumo wa hewa hiyo hupunguza damu inayorudi moyoni. Basi, kovu dogo si lazima liwe hatari ndogo. Daktari akichagua kufungua tumbo kwa njia ya kawaida, mzazi asidhani kuwa amepewa huduma duni.

Kufunga kula kunahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto ambaye midomo na kucha zake ni za bluu huwa na damu nzito. Akikaa muda mrefu bila maji, damu yaweza kuganda na kuziba mishipa, hata ya ubongo. Kwa kawaida maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya usingizi, na maziwa ya mama hadi saa 4. Zamu ikisogezwa kutoka asubuhi hadi jioni, mzazi aulize papo hapo kama mtoto anyweshwe au atundikiwe dripu.

Mtoto aliyezibwa tundu dogo na kupona vizuri hukaribia kuwa sawa na wenzake. Mwenye rangi ya bluu, shinikizo kubwa mapafuni au chemba moja tu ya kusukuma damu, upasuaji usio wa dharura ufanyike penye wataalamu wa moyo. Kwa wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama, rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Ipo pia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mzazi anayo haki ya kuuliza: nani atatoa usingizi, amesoma majibu ya kipimo cha moyo, na kipo kitanda cha uangalizi maalumu? Dawa za moyo zisiachishwe bila agizo la daktari.

Dharura ni jambo jingine. Mtoto anayetapika nyongo ya kijani, au ambaye tumbo limevimba na kukakamaa, apelekwe hospitali ya karibu usiku uleule, majibu ya moyo yakiwa mkononi. Wataalamu wa moyo waweza kuulizwa kwa simu maandalizi yakiendelea.