Mbuta ni wa Ukoo Gani?

Katika hoteli za Upper Hill, Nairobi, makarani wengi hula mbuta wakati wa mchana. Samaki huyu, aitwaye sangara huko Tanzania, Waingereza humwita Nile perch. Lakini jina hilo lapotosha. Perch wa kweli ni wa ukoo wa Percidae, wakaao mito na maziwa ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini.

Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi alimweleza mbuta. Mwaka 1828 Cuvier, Mfaransa, alimtenga mbuta akampa jina la Lates, na leo yumo katika ukoo wa Latidae. Alama moja yaonekana hata sokoni: pezi la chini, karibu na mkia, lina miiba mitatu kwa mbuta, Percidae wana mmoja au miwili tu.

Elimu hii si ya bure. Mbuta ni mwenyeji wa Ziwa Turkana, bali katika Ziwa Victoria alitiwa na watu katika miaka ya 1950. Akaongezeka, akaleta biashara kubwa. Lakini aliwala furu hata aina nyingi zikatoweka. Basi mkulima atakaye kufuga samaki bwawani na aulize kwanza ukoo wake na chakula chake, kwani jina peke yake halitoshi.